Kamari na Hesabu Yake

Katika vituo vya magari na pembeni mwa masoko ya miji yetu umekuwako tangu zamani mchezo uitwao pata potea. Mtu mmoja huchuchumaa mbele ya gazeti lililotandazwa chini, akazichezesha karata tatu kwa vidole vyepesi, akazilaza kifudifudi, kisha akawataka watazamaji wamwambie ilipo ile moja aliyowaonyesha mwanzo. Kando yake husimama watu watatu wanne wenye sura za wasafiri. Mmoja wao huweka noti, akashinda. Wa pili huweka, naye akashinda. Wote hucheka na kumdhihaki mwenye karata kwa uzembe wake. Mgeni aliyeshuka kwenye basi na karo ya mwanawe mfukoni huyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, na kwa kuwa ameyaona, huyasadiki. Huweka noti yake. Karata ikifunuliwa, siyo. Huweka nyingine ili airudishe ya kwanza. Baada ya dakika kumi hana karo wala nauli, na wale wasafiri waliokuwa wakishinda hawaonekani tena, maana hawakuwa wasafiri hata kidogo. Walikuwa waajiriwa wa mwenye karata.

Watu humcheka mgeni huyo na kumwita mshamba. Lakini wengi wa hao wanaomcheka huketi usiku mbele ya gazeti la namna nyingine, wakaweka noti zao katika mchezo uleule, ila mwenye karata wa sasa amevaa tai na ana leseni, na wale wasafiri watatu wanne wamekuwa watangazaji wa redio na picha za washindi walioshika hundi kubwa kama mlango. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, fedha ya Mkenya imekaa ndani ya simu yake. Hana tena haja ya kushuka basi ili akutane na pata potea. Kamari humfuata kitandani, huingia naye kazini, na humngojea nje ya darasa.

Sitawahubiria vijana habari ya dhambi. Misikiti na makanisa yamekwisha kusema, na Qurani imeitaja kamari pamoja na ulevi miongoni mwa mambo ya kuepukwa. Mwenye masikio amesikia. Mimi nataka kusema juu ya jambo dogo kuliko hilo, ambalo hata asiye na dini hawezi kulikanusha, nalo ni hesabu. Tena si hesabu ya chuo kikuu. Ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya, ambayo kila mmoja wenu amefanyia mtihani akafaulu.

Mwaka 2017 mtu mmoja wa nchi hii alibashiri sawasawa matokeo ya mechi 17 za kandanda, akapewa zaidi ya shilingi milioni 221. Habari hiyo ilikuwa kweli tupu, na ukweli wake ndio uliodhuru. Uongo hugunduliwa, ukachosha watu, ukaachwa; lakini mshindi wa kweli, mwenye jina na picha gazetini, hutosha kuwashikilia watu milioni nzima kwa miaka kumi. Kila mmoja husema: yule ni mtu kama mimi, kwa nini nisiwe mimi? Swali hilo ni zuri, na lina jibu. Tulitafute.

Mechi moja ina matokeo matatu: timu ya nyumbani kushinda, timu ya ugenini kushinda, au kutoka sare. Mechi mbili zina njia tatu mara tatu, yaani 9. Mechi tatu zina njia 27. Ukifika mechi ya 10 njia ni 59,049, na ukifika ya 17 njia ni 129,140,163. Katika hizo zote, moja tu ndiyo yenye zawadi kuu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 47,564,296 katika Kenya yote, wakiwamo watoto wa jana na wazee wasioona. Kama kila mmoja wao angejaza njia mbili, asirudie ya mwenziwe, bado zingebaki njia zaidi ya milioni 34 ambazo hakuna aliyezigusa. Na kama mtu mmoja angeamua kuzijaza zote peke yake, moja kwa kila dakika, bila kulala wala kula, ingemchukua miaka 245 na zaidi. Ili amalize leo, angepaswa kuwa ameanza kabla Seyyid Said wa Unguja hajazaliwa, naye alizaliwa mwaka 1791.

Hapa mjuzi wa kandanda atanikatiza. Atasema kwamba mimi nimehesabu kama kipofu anayenyooshea kidole gizani, na yeye si kipofu: anajua nani ameumia goti, nani anacheza nyumbani, na kocha gani amegombana na mshambuliaji wake. Nampa haki yake. Lakini na yeye akumbuke kwamba anayeziteua mechi 17 ni yuleyule anayetoa zawadi, na hamteulii mechi nyepesi. Humteulia timu zinazolingana nguvu, na mara nyingi timu za daraja la pili za nchi ambazo mjuzi wetu hajawahi kuzikanyaga. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba ujuzi wake humwezesha kupatia mechi mbili katika kila tano, badala ya moja katika kila tatu. Basi nafasi yake si tena moja katika milioni 129; ni moja katika milioni 5 na laki 8. Akicheza mara moja kila juma bila kukosa, ataingojea zamu yake, kwa wastani, miaka zaidi ya 111,000. Huo ndio ujuzi, na hiyo ndiyo faida yake.

Wengi, wakiisikia hesabu hiyo, husema: sisi hatuchezi ile kubwa, sisi tunacheza hizi ndogo za kila siku. Vema, nazo tuzitazame, maana hapa ndipo ulipofichwa ufundi wenyewe, na ni ufundi ambao mchezaji mmoja katika mia hajapata kuuona.

Kampuni huandika mbele ya kila mechi namba tatu. Tuchukue mechi ambayo timu ya nyumbani imepewa 2.10, sare 3.20, na timu ya ugenini 3.40. Maana yake ni kwamba ukiweka shilingi moja kwa timu ya nyumbani, ikishinda, unarudishiwa shilingi 2 na senti 10. Sasa tumfikirie mtu mwoga kuliko wote, ambaye hataki kubahatisha chochote. Anataka tu apokee shilingi 1,000 vyovyote itakavyokuwa. Itambidi aweke shilingi 476 na senti 19 kwa timu ya nyumbani, 312 na senti 50 kwa sare, na 294 na senti 12 kwa timu ya ugenini. Jumlisheni. Ametoa shilingi 1,082 na senti 81 ili apokee 1,000. Mpira haujapigwa, refa hajapuliza kipenga, na zile 82 na senti 81 zimekwisha kwenda. Hizo ndizo ujira wa mwenye karata. Yeye hana timu anayoishangilia. Akizipanga namba zake vizuri, atakula atakayeshinda na atakayeshindwa. Ndiyo sababu huwaoni wenye makampuni wakitokwa jasho dakika ya tisini. Jasho ni la mteja.

Mtasema shilingi 8 katika kila 108 si kitu. Kwa mchezo mmoja, kweli si kitu kikubwa. Lakini nani anayecheza mmoja? Vijana wanapenda mkeka, yaani kuzifunga mechi nyingi katika dau moja, ili shilingi 50 ikatae kuwa 50 na itake kuwa 5,000. Katika mkeka ule ujira hukatwa juu ya ujira. Katika mechi moja ya mfano wetu, kila shilingi 100 zinazowekwa na watu hurudi, kwa wastani, 92. Mechi tano za namna hiyo zikifungwa pamoja, hurudi 67. Mechi kumi zikifungwa pamoja, hurudi 45. Yaani mwenye kuandika mkeka wa mechi kumi amekwisha toa zaidi ya nusu ya fedha yake kabla wachezaji hawajavaa viatu. Na tazameni ni mchezo gani unaosifiwa zaidi katika matangazo, ni upi unaopewa nyongeza na vishawishi: ni huo wa mkeka. Mwenye duka huisukuma mbele bidhaa yenye faida kubwa kwake.

Kuna na ule mchezo wa kindege kinachopaa katika kioo cha simu, namba zikapanda pamoja nacho, na mchezaji akatakiwa atoe fedha zake kabla hakijatoweka. Sina maneno mengi juu yake. Wenyewe hutangaza kwamba mchezo hurudisha 97 katika kila 100, na watu husikia 97 wakadhani ni alama za mtihani. Shilingi 1,000 zikizungushwa zote namna hiyo mara 50, wastani wa kinachobaki ni shilingi 218. Na kindege hicho, kwa kuwa huruka na kutoweka baada ya sekunde chache, hizo mara 50 hazimalizi saa moja.

Mambo haya si mageni duniani. Uwezekano kama tawi la hesabu ulizaliwa na kamari yenyewe: mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Mskoti Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alieleza kwamba kadiri mtu anavyonunua tiketi nyingi za bahati nasibu ndivyo anavyozidi kuikaribia hasara, na kwamba akizinunua zote hasara yake ni yakini. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Voltaire. Mwaka 1729 serikali ya Ufaransa, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilianzisha bahati nasibu, na wakubwa wa hazina wakakosea hesabu: jumla ya zawadi ikawa kubwa kuliko bei ya tiketi zote. Mwanahisabati aitwaye La Condamine aliliona kosa hilo, akamwambia Voltaire, wakaungana na wenzao, wakazinunua tiketi kwa mafungu makubwa mwezi baada ya mwezi, wakatajirika. Serikali ilipozinduka ikawashtaki. Ikashindwa, kwa kuwa hawakuvunja sheria yoyote. Ikaifunga bahati nasibu yake.

Nimekitaja kisa hicho kwa kuwa kinaonyesha mtu anavyoweza kuishinda kamari. Huishinda pale tu aliyeitunga alipokosea kuhesabu, na mlango huo hufungwa siku unapogunduliwa. Makampuni ya leo hayakosei kama hazina ya Ufaransa, na yakiona mtu mmoja anawashinda mara kwa mara, hayaoni haya kumpunguzia dau analoruhusiwa kuweka. Huko Uingereza desturi hiyo inajulikana na kulalamikiwa. Mchezo ambao mwenyeji humkataza mgeni kucheza akianza kushinda, tuuite jina gani?

Kwa nini basi watu wenye akili zao hawaioni hasara hii? Katika chuo nilichofundisha kabla ya hiki palikuwa na askari wa lango, mtu mpole na mwaminifu, aliyekuwa akiniuliza kila Jumamosi habari za timu za Ulaya. Siku moja aliniambia kwamba kamari imemsaidia sana. Nikamwomba anisaidie na mimi: aandike katika daftari, upande wa kushoto kila shilingi aliyoweka, na upande wa kulia kila shilingi aliyopokea, bila kunionyesha mpaka miezi mitatu ipite. Alipolileta, upande wa kushoto ulikuwa na 11,640, na wa kulia 6,200. Aliutazama upande wa kushoto kama mtu anayetazama mwandiko wa mwingine. Zile 4,000 alizopata siku moja alizikumbuka zote: timu, aliyefunga bao, hata mvua iliyokuwa ikinyesha. Zile 50 na 100 zilizotoka moja moja hazikuwa zimeacha alama yoyote moyoni mwake. Si upumbavu huo. Ndivyo tulivyoumbwa wengi wetu, na watu wa kamari wanatujua kuliko tunavyojijua.

Kuna wanaoitetea biashara hii kwa sauti ya uzalendo. Husema inalipa kodi, inaajiri vijana, inakuza michezo. Neno la kodi sitalibishia, isipokuwa niulize imetoka mfukoni mwa nani; maana tajiri huchangia barabara kwa asilimia ndogo ya alicho nacho, na mwendesha boda boda anayecheza kila usiku huichangia kwa chakula cha jioni. Ama neno la michezo, kumbukumbu zipo. Mwezi wa Julai mwaka 2017 klabu ya Everton ya Uingereza, ikiwa imevaa kifuani jina la kampuni ya kamari yenye shina lake Nairobi, ilikuja Dar es Salaam ikacheza na Gor Mahia, ikashinda mabao 2 kwa 1. Sote tulifurahi, ilikuwa sikukuu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, kodi ya kamari ilipopandishwa kuwa asilimia 35, kampuni hiyo ilitangaza kuondoa ufadhili wake kwa michezo ya hapa nyumbani. Jina lake lilibaki kifuani mwa Everton. Vijana wetu waliokuwa wakikuza michezo kwa madau yao ya shilingi 50 walikuwa wakikuza michezo ya nani?

Wengine husema ni burudani tu, na fedha ni yangu. Kwa mtu anayeweka shilingi 20 kama anayelipa kiingilio cha sinema, akazisahau, akalala, sina ugomvi naye. Lakini tangazo halimwambii mtu aje aburudike kwa hasara ndogo. Humwambia aje abadilishe maisha yake. Na ukitaka kujua kama ni burudani, mtazame anayecheza saa sita za usiku kwa fedha za kodi ya nyumba, uone kama anacheka.

Tuigeuze hesabu upande wa pili. Shilingi 50 kwa siku ni 18,250 kwa mwaka, na kwa miaka minne, muda ule mwanafunzi aliokuwa akimaliza masomo ya sekondari, ni 73,000. Zikiwekwa katika chama cha akiba na mikopo, mbali na faida yake ya kila mwaka, kwa desturi ya vyama vingi mwanachama mwenye wadhamini huweza kukopeshwa mara tatu ya akiba yake, yaani 219,000. Hiyo ni fedha ya ng'ombe wa maziwa na zizi lake, au ya cherehani kadhaa na kodi ya chumba cha kuzitia. Hakuna redio itakayopiga kelele kwa sababu hiyo. Hakuna atakayepewa hundi kubwa kama mlango. Jambo hili halina msisimko, nakiri. Ubaya wake ndio huo, nao ni ubaya pekee ninaoujua.

Tangu sheria ya kamari ya mwaka 1966, mtoto hakuruhusiwa kucheza, na sheria mpya ya mwaka 2025 nayo inamkataza aliye chini ya miaka 18. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo wa 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, kwa sababu wakubwa waliona yanawafikia watoto saa wanapotazama. Ni vizuri. Lakini mimi ni mwalimu, na najua jambo ambalo sheria haiwezi kulijua: kwamba laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mama, na namba ya siri ya mama ni mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza. Kijana wa kidato cha pili huichukua simu hiyo usiku wakati wa likizo. Salio likimwishia, hukopa kwa Fuliza, huduma iliyoanza mwaka 2019, ambayo humruhusu mwenye simu kutumia fedha asizo nazo na kuzikata fedha zozote zitakazoingia baadaye, pamoja na ada yake. Huweka dau. Mkeka huchanika dakika ya themanini na nane. Asubuhi mama hutumiwa shilingi 400 na mteja wake wa sukuma, anaitazama simu, na zimekwisha katwa kabla hajazigusa.